Sifa ya Kinyozi

Kinyozi ninayemwendea Kakiika, hapa Mbarara, Uganda, kando ya barabara ya Masaka, ana kioo kimoja kirefu chenye ufa pembeni na kiti kinachozunguka kwa shida. Siku moja mwaka jana, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, alinitazama kiooni akauliza: "Wewe ssebo, uko mtu wa wapi?" Nikamjibu kwamba mimi Mkongo wa Uvira, nilikaa makazi ya wakimbizi ya Nakivale miaka mingi, sasa nimepanga chumba hapa. Akazima mashine. Akanikagua kama mtu anayekagua ndama mnadani, akasema: "Hapana. Wewe hapana fanana Mukongo. Hiyo pua iko ya huku kwetu."

Nikatabasamu.

Niliona tabasamu lile kabla sijalihisi, maana kioo kilikuwa mbele yangu. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, shuka shingoni, anaambiwa kwamba hafanani na baba yake wala na ndugu zake aliowazika, naye anafurahi. Sikusema asante, lakini uso ulikwisha kusema. Nikalipa shilingi elfu tatu, nikatoka, na mpaka leo bado nimeketi kwenye kiti kile.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kuwa ile ilikuwa adabu tu, mtu akikusifu unatabasamu. Lakini je, kama angeniambia, "Wewe Mkongo kabisa, uso wote Kongo," ningetabasamu hivyo? Ningeitikia "ndiyo" kavu na kumwomba aharakishe. Furaha yangu ilijua inakwenda wapi. Ilifurahia kuondolewa kwetu.

Basi najiuliza tabasamu lile lilikuwa la nani. Sikulilea mimi. Hakuna siku niliyokaa chini nikaamua kwamba pua nyembamba ni bora kuliko pua pana, au kwamba nywele laini zina akili kuliko nywele ngumu. Wazo hilo liliingia kama mgeni, nasi tuna neno kuhusu wageni: siku ya kwanza na ya pili mkirimu, ya tatu mpe jembe akalime. Mgeni wangu amekaa nusu karne na hajawahi kuonyeshwa hata mpini. Anakula, analala kitanda cha ndani, na mtu akibisha hodi ni yeye anayeitikia kwa sauti yangu.

Mgeni huyu ana njia aliyopitia, na kipande kikubwa cha njia hiyo kiko karibu na hapa. Ukitoka Mbarara kwenda Isingiro, ukaipita Nakivale ukaendelea kusini, utafika mto Kagera, na ng'ambo yake ni Karagwe. Huko, Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke alikaribishwa na mtawala Rumanika. Wanawake wa nyumba ya mtawala walikuwa wakinyweshwa maziwa mpaka wanene kupita kiasi, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, na Speke kwa udadisi wake akachukua kipimo akampima mmoja wao: mkono, kifua, paja. Akaandika tarakimu kitabuni.

Upimaji ule ulikuwa utovu wa adabu, si zaidi. Uliotuua ni upimaji mwingine, uliochapishwa katika kitabu hichohicho mwaka 1863. Speke alieleza humo kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi, Wahima na Watutsi, si wa asili moja na watu wanaowatawala. Eti walishuka kutoka Uhabeshi, mchanganyiko wa Shemu na Hamu, wana wa Nuhu, damu iliyo karibu zaidi na ya Mzungu. Ushahidi wake ulikuwa urefu, uso na pua. Hamu huyu alikuwa na kazi nyingine hapo kabla. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa watumwa walimtaja kama mwana aliyelaaniwa, baba wa weusi wote, ili dhamiri zao zilale usingizi. (Fungua Mwanzo sura ya 9: aliyelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu, na habari ya rangi haimo.) Ilipoonekana kwamba kati ya Waafrika kuna falme, ng'ombe wengi na mahakama, Hamu yuleyule akapakwa weupe. Jina moja likatumika kumshusha mweusi huyu na kumpandisha mweusi yule, na ngazi ikabaki mikononi mwa aliyeileta.

Hapa Ankole, Waingereza walitawala kwa kuwategemea zaidi machifu wa Kihima, na Mwiru, mkulima, akaambiwa kwamba nafasi yake ilipangwa tangu alipoumbwa. Walimu na wasomi wa Kiiru waliochoka na hayo walijikusanya katika chama walichokiita Kumanyana. Maana yake ni kujuana. Wajuao Kiswahili cha zamani cha pwani watalitambua shina lake, kumanya. Napenda kwamba watu waliokuwa wakipimwa walichagua jina hilo kwa mapambano yao.

Ng'ambo, Rwanda, Wabelgiji waliigeuza hadithi ya Speke kuwa karatasi. Miaka ya 1930 kila mtu akapewa kitambulisho chenye kabila lake. Miaka sitini baadaye, tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama jukwaani Kabaya akawaambia wafuasi wake kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Yaani hadithi ya sifa iligeuka kuwa hukumu ya kifo bila kubadilishwa hata neno. Waliosifiwa kwamba si wa hapa sasa waliuawa kwa sababu si wa hapa. Nyabarongo huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Viktoria, na mwaka 1994 wavuvi wa Kasensero, upande huu wa Uganda, walivua maiti kwa maelfu. Makaburi yao yako huko, na Lambu, na Ggolo.

Nakivale ni mtoto wa kipimo hicho. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kujaa Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959. Baada ya 1994 wakaja Wahutu, wakachota maji ya ziwa lilelile. Kisha tukaja sisi wa Kongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi, Waeritrea. Leo kuna kijiji kinachoitwa New Congo na kingine Kigali, na ukipita sokoni Base Camp utasikia bei ya nyanya ikitajwa kwa lugha tano.

Mimi nilikwenda pale nikiwa na elimu yangu ya Uvira, na elimu hiyo ilikuwa na kichekesho ndani yake. Nilifundishwa kuichukia pua hiyohiyo ninayofurahia kuambiwa ninayo. Kwetu Mnyamulenge, Mtutsi wa milima ya kwetu, alikuwa mgeni hata kama babu wa babu yake amezikwa milimani pale. Vita vilipozuka mwaka 1996, na tena 1998, watu walisimamishwa njiani kwa sababu ya nyuso zao. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, Gatumba, mwendo mfupi kutoka Uvira ukivuka mpaka wa Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao Wanyamulenge. Nilipopata habari ile nilisema "masikini," kisha nikasema "lakini." Sentensi iliyofuata baada ya "lakini" sitaiandika.

Chuki na wivu vilikaa chumba kimoja ndani yangu bila kugombana. Nilimchukia mwenye pua ile na nikatamani kuwa nayo. Mtu anayechukia kitu kwa dhati hawezi kukitamani hivyo. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya jirani ilikuwa ya kuazima. Niliipokea kutoka kwa mtu ambaye, kama ningesimama mbele yake, angenipima mimi pia na kuniandika chini kabisa ya ukurasa.

Hapo ningeweza kuishia kwa Wazungu, na wengi wetu huishia hapo, maana ni mahali pazuri pa kupumzikia. Lakini ninafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mizani yake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema. Alijivunia kwamba kwao walikuwa waungwana. Ndiyo maana Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, yaani ya watu huru. Kililetwa na misafara ya pembe na watumwa, ya Tippu Tip na wenzake, wakiwa na makao yao Nyangwe na Kasongo. Wengi wa "waungwana" wale wa Maniema walikuwa wenyewe wametekwa utotoni, au wazazi wao walitekwa. Walijifunza lugha, wakavaa kanzu, na wakapata haki ya kumwita jirani yao wa jana mshenzi. Neno hilo lingali hai. Juzi tu, kwenye steji ya boda hapa Kakiika, kijana wa Bukavu alimwita mwenzake "mushenji" kwa sababu ya chenji ya shilingi mia tano.

Na upande wa pili wa ushenzi tumeweka ustaarabu. Neno zuri, nimelitumia maisha yangu yote. Asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Kila nilipomwambia mwanangu awe mstaarabu mezani, nilimwambia, bila kujua, awe mtu wa kwingine. Wabelgiji nao walitupa neno lao. Mwaka 1948 wakaanzisha kadi ya raia mwema kwa Mkongo "aliyeendelea," na mwaka 1952 wakaongeza nyingine ya daraja la juu. Ili uipate, maofisa waliweza kuja nyumbani kuangalia unalala wapi, unakula kwa kutumia nini, mkeo anapika vipi. Patrice Lumumba mwenyewe aliiomba na kuipata. Kwa Kilingala mtu kama huyo aliitwa mundele ndombe, Mzungu mweusi, na sauti ya anayelitamka inaweza kubeba heshima au dharau. Sisi wa mashariki tulikwenda mbali zaidi: mwajiri yeyote, hata awe mweusi tititi, tunamwita muzungu wangu.

Baada ya siku ile ya kinyozi nilijisomea methali ya kujikemea: mkataa kwao ni mtumwa. Nikaona imenipata barabara. Kisha nikaisikiliza tena. Inanikemea kwa kunifananisha na nani? Na mtumwa. Ndiyo kusema, ili mimi niaibike, lazima kwanza tukubaliane kwamba aliyefungwa minyororo ndiye mfano wa aibu, kana kwamba ni yeye aliyekataa kwao. Mtumwa hakukataa kwao. Alinyakuliwa.

Sikuwahi kuyafikiri hayo mpaka nilipomkumbuka mwanamke mmoja, na sasa naingia kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Kwa miaka kadhaa Nakivale nilikuwa mkalimani katika mahojiano ya wakimbizi. Wasomali wa Nakivale, ukiwaona kwa mbali, ni watu wamoja. Ukikaa nao utajua kuna wanaoitwa jareer, wenye nywele ngumu. Hao ni watu wa bonde la mto Juba, na wengi ni wazao wa Wayao, Wamakua, Wazigua na wengineo waliovushwa kwa majahazi kutoka pwani ya Tanzania na Msumbiji ya leo, karne ya 19. Wazigua husimulia njaa kubwa ya miaka ya 1830 na jinsi mababu walivyodanganywa kupanda majahazi kwa ahadi ya chakula. Husimulia pia walivyotoroka utumwani na kujikata kipande cha msitu kando ya Juba, na humtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha. Wapo wanaosema Kizigua hadi leo, karibu karne mbili baadaye. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, mashamba yao yalikuwa mnofu uliogombewa na kila mwenye bunduki. Kambini neno walilokuwa wakiitwa chinichini ni adoon. Mtumwa. Nilipojifunza neno hilo nilicheka, kwa kuwa lilinipendeza mdomoni na kwa kuwa halikuwa langu.

Mwanamke huyo alikuwa wa bonde lile. Aliomba ahojiwe kwa Kiswahili alichojifunza kambini Dadaab, Kenya, hakutaka mkalimani wa Kisomali, na sababu yake unaielewa. Ofisa akauliza kuhusu shamba. Akaeleza kwa muda mrefu, taratibu, akitaja mipaka: mwembe ulipo, mfereji unapopinda, ufuta ulipandwa wapi na ndizi wapi, nani alikuja kwanza, alisema nini, mumewe alijibu nini. Alipomaliza nikamgeukia ofisa nikasema kwa Kiingereza: wanamgambo walichukua shamba lao na kumuua mumewe.

Mwanamke akanitazama. "Kaka," akasema, "mbona umesema kidogo?"

"Nimesema yote, dada."

Sikusema yote. Kwa wakili wa Goma aliyehojiwa asubuhi ileile nilitafsiri mpaka kikohozi. Kwa mfanyabiashara wa Mogadishu niliomba arudie jina la mtaa nisije nikakosea. Kwa yeye nilifupisha. Hakuna aliyeniagiza. Wala sikusema moyoni, "huyu ni jareer, mfupishie." Laiti ningesema hivyo, ningejisikia, labda ningeshtuka. Nilichofanya ni kuhisi tu kwamba maneno yake ni mengi kuliko maana yake. Nikakata pembeni kama fundi anayekata nguo kwa mazoea, na karatasi ikaenda ilivyokwenda. Sasa hivi, nikiwa Kakiika, ningeweza kukuchorea shamba lile: mwembe, mfereji, ufuta. Nilisikia kila neno. Kwenye faili lake hakuna mwembe.

Watu wakizungumza juu ya ubaguzi tulioumeza, huzungumza kama ugonjwa wa kujidharau, kitu kinachomuumiza aliyenacho. Ni kweli kinaumiza. Nyumbani kwangu kiliumiza. Niliwahi kumsifu mke wangu, baada ya kulala ndani siku arobaini za uzazi, kwamba "amekuwa mweupe." Sifa ya maneno mawili. Baada ya miezi nikaona tyubu ndogo chini ya godoro, zile zinazouzwa bila maandishi ya kueleweka, na mashavu yake yakaanza kuwa mekundu na vidole kubaki vyeusi kwenye vifundo. Mkorogo una hidrokwinoni, una steroidi, mwingine una zebaki, ambayo huingia kwenye figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliilenga zebaki hiyo ya vipodozi kwa jina, na Rwanda tangu mwishoni mwa 2018 imekuwa ikiwatuma polisi madukani. Mimi sikuhitaji polisi. Mwuzaji wa kwanza wa tyubu ile nilikuwa mimi, kwa neno langu. Lakini hata hapo, jeraha lilikuwa letu, ndani ya nyumba yetu. Ofisini jeraha lilikuwa la mwingine. Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika maandishi haya: dharau uliyoimeza haikai tumboni mwako tu. Siku ukipewa kiti, meza, kalamu au mdomo wa kumsemea mtu, inatoka kupitia hapo, nayo inatoka kwa upole kabisa.

Kuna nasaha tuliyokuwa tukiwapa vijana wa Nakivale ambao kesi zao zimepita na wanangoja ndege. Ukifika Marekani, jiepushe na weusi wa kule. Hawapendi kazi, wana bangi, wana bunduki. Nilimpa mpwa wangu nasaha hiyo, mkono begani mwake, kama mtu mwenye hekima. Nilikuwa sijawahi kukutana na Mmarekani mweusi hata mmoja. Niliwajua kutoka vibanda vya video, ambako VJ hutafsiri sinema kwa Kiganda juu ya milio ya risasi, na mweusi hufa kabla ya nusu ya kwanza kwisha.

Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, polisi alimsimamisha kijana wa miaka 26, Patrick Lyoya, akisema namba za gari hazilingani na gari. Wakavutana. Kijana akiwa amelala kifudifudi, polisi akampiga risasi ya kisogo. Patrick alikuwa mtoto wa Kongo. Familia yake ilikimbia vita, ikaishi Malawi kama wakimbizi, ikafika Marekani mwaka 2014. Baba yake alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, akitafsiriwa, na Nakivale tulimsikiliza kwenye simu zetu bila kuhitaji mkalimani. Niliijua lafudhi ile. Polisi alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi.

Hakuna aliyempima Patrick pua. Hakuna aliyemuuliza kama ni mwungwana au mshenzi, Mbantu au wa Hamu, Mkongo au "weusi wa kule." Na walioingia barabarani kuandamana pamoja na familia ile, wakajaza kanisa siku ya maziko ambako mchungaji Al Sharpton alihubiri, wengi walikuwa watu ambao sisi tuliwaambia vijana wetu wajiepushe nao. Walimwita Patrick ndugu kabla hatujafikiri kuwaita hivyo. Na kabla ya hapo pia: sheria ya zamani ya uhamiaji ya Marekani iliyogawa nafasi kwa kuangalia taifa la mtu, ikimwachia Mwafrika makombo, iliondolewa mwaka 1965, katika miaka ileile ambayo weusi wa kule waliumwa na mbwa wa polisi wakidai haki ya kupiga kura. Ndege tuliyokuwa tukiingoja ilitengenezewa kiwanja na watu hao.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Nakivale kulikuwa na watu waliokwisha kuuza mbuzi na magodoro. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, Wazungu 59 wa Afrika Kusini walishuka karibu na Washington, wakapokewa kama wakimbizi, bendera ndogo mikononi. Siku hiyo nilikuwa na hasira ya haki, hasira safi, nikazunguka nayo Kakiika nzima nikimweleza kila mtu: wanatuchagua kwa rangi! Nilipomweleza mwenye duka la maziwa, ambaye alinisikiliza kwa subira huku akimimina, nilisikia nikisema, "Na sisi ni watu waliostaarabika, si kama Wasomali weusi wale wa Juba." Nilisema hivyo. Mgeni alikuwa ametangulia kuitikia hodi.

Nimejilaumu sana tangu hapo, na nimegundua kwamba kujilaumu kuna starehe yake. Mtu anaweza kuketi kando ya kosa lake akalipapasa kama paka, akajisifu kwa unyofu wake, na yule mwanamke akabaki na faili lisilo na mwembe. Kwa hiyo najaribu kuwa na mambo machache ya kufanya. Sasa namtafsiria yeyote anayekwenda hospitali au ofisini Mbarara na kuniomba, bila malipo ikiwa hana, na nikitafsiri natafsiri urefu wote. Daktari akitazama saa, namwambia bado hajamaliza. Mpwa wangu yuko Iowa tangu 2019. Nilimpigia nikamwambia kwamba nasaha niliyompa ilikuwa uongo, na kwamba atafute kanisa la weusi wa pale, ajitambulishe na awaulize historia ya mji. Akacheka. Akasema, "Mjomba, mimi naimba kwaya yao mwaka wa tatu huu. Nilikuona mzee, sikutaka kukubishia."

Kuhusu yule dada wa Juba, sijampata. Niliuliza kwa Wazigua waliobaki Nakivale, nikaambiwa huenda amekwenda Tanzania, Chogo, kule Handeni, ambako baadhi ya watu wake walipokewa na kupewa uraia katika nchi walikotolewa mababu zao. Kama ni kweli, yuko mahali ambapo mtu akisimulia shamba kwa Kizigua halazimiki kungoja afupishwe. Nimeyaandika yote ninayoyakumbuka ya ushuhuda wake, kurasa nne, kwa mkono. Sina pa kuyapeleka, yako kwenye sanduku.

Wiki iliyopita nilirudi kwa kinyozi. Nilikuwa nimerudi mara nyingi kabla ya hapo, lakini kimya. Mashine ilipofika nyuma ya sikio nikamwambia: "Ile siku ulisema pua yangu si ya Mkongo. Pua hii ni ya mama yangu, na mama yake alikuwa mtu wa Kasongo, Kongo. Mimi ni Mkongo, na nafanana na Wakongo."

Akazima mashine. Alinitazama kiooni kwa muda, kisha akajitazama yeye mwenyewe, pua yake pana yenye jasho, pale karibu na ufa.

"Lakini ssebo," akasema, "hata mimi ile pua haiko yangu. Mimi ni Mwiru. Nilidhani nakusifu."

Akawasha mashine, akamaliza upande wa kushoto. Nilipotoa elfu tatu alikataa elfu moja.